Chai ya mboji, chai ya samadi, mchuzi wa majani au chupa ya dukani: uchague ipi?

Majani ya nyanya zako yameanza kuwa manjano kuanzia chini, na kila unayemuuliza anakupa dawa yake. Mmoja anakwambia loweka samadi. Mwingine ana pampu ya hewa na ndoo inayotoa povu usiku kucha. Wa tatu anajaza pipa majani mabichi na kulifunika. Wa nne anakuonyesha chupa nyeusi inayonuka samaki. Bustani za wote wanne zinapendeza, na hapo ndipo ugumu wa kuchagua unapoanza.

Vitu hivi vinne vyote huitwa "mbolea ya maji", lakini havifanyi kazi moja. Kimoja kinaulisha mmea, kingine kinapeleka viumbe wadogo kwenye udongo, kingine ni kichocheo tu. Mwenye njaa ukimpa dawa ya minyoo hatashiba, hata kama dawa yenyewe ni nzuri. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ndoo ipi, uliza kwanza: mmea wangu una njaa, au udongo wangu umechoka?

Njaa ya naitrojeni huonekana kwenye majani ya zamani. Mmea huihamisha naitrojeni kutoka majani ya chini kwenda kwenye machipukizi, ndiyo maana manjano huanzia chini na kupanda. Udongo uliochoka una dalili nyingine: unakuwa mgumu kama tofali, maji yanatiririka juu badala ya kuzama, ukichimba huoni mnyoo hata mmoja. Na kuna hali ya tatu inayowapotosha wengi: manjano kati ya mishipa kwenye majani machanga, huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Mara nyingi hiyo ni shida ya madini ya chuma, na kinachozuia chuma kufika kwenye jani huwa ni udongo wenye alkali nyingi. Hapo mimina chai unavyotaka, tatizo litabaki palepale.

Tunazipima kwa vigezo gani

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni chakula: ndani ya ndoo mna virutubisho kiasi gani, na mmea unavipata upesi au polepole. Cha pili ni kazi na vifaa. Cha tatu ni usalama, hasa kwa mboga zinazoliwa mbichi. Cha nne ni harufu na utunzaji, kwa sababu kuna mbolea inayokaa rafuni miezi mingi na kuna nyingine inayoharibika siku hiyohiyo. Cha tano ni nani inamfaa.

## Chai ya mboji

Kuna namna mbili za kuitengeneza. Ya zamani ni kuloweka: mboji iliyoiva sehemu 1, maji sehemu 5 hadi 10, unakoroga mara kwa mara na kuiacha siku 7 hadi 14. Ya pili ni ya kupuliza hewa. Unatumia mboji kidogo zaidi, pampu inasukuma hewa bila kukatika, na kazi inaisha ndani ya saa 24 hadi 36. Namna hii ya pili imeenea sana kwa ushawishi wa watu kama Elaine Ingham, mwanabiolojia wa udongo wa Marekani, na lengo lake hasa ni kuzalisha kwa wingi bakteria na kuvu wanaopenda hewa.

Chakula. Rangi yake huwadanganya wengi. Chai imekolea kama kahawa, basi mtu anaamini imejaa mbolea. Hebu tupige hesabu. Chukua ndoo ya lita 20 na utie kilo 1 ya mboji yenye unyevu. Nusu ya uzito huo ni maji, kwa hiyo mboji kavu ni gramu 500. Ikiwa na naitrojeni asilimia 1.5, hiyo ni gramu 7.5 kwa jumla, na sehemu kubwa yake imeshikana na mabaki yenyewe, haiyeyuki. Tuseme sehemu ya kumi imeingia majini: gramu 0.75. Ukiwagawia miche 20 ya nyanya ndoo hiyo, kila mche haupati hata gramu 0.04. Mche wa nyanya unaozaa vizuri huhitaji gramu kadhaa za naitrojeni katika msimu wake. Kama una njaa, ndoo hii ni kuuonjesha tu.

Kinachobaki ni viumbe hai na kiasi kidogo cha asidi za humasi. Je, viumbe hao wanaleta tofauti? Majaribio yamegongana. Mengine yameonyesha chai ikipunguza magonjwa ya kuvu kwenye majani, mengine hayakuona tofauti na maji matupu, na sababu mojawapo ni kwamba hakuna mapipa mawili ya chai yanayofanana. Linda Chalker-Scott wa Washington State University amekuwa kwa miaka mingi akiwatahadharisha wakulima wa bustani kwamba madai mengi juu ya chai hii yamevuka ushahidi. Mimi niko katikati. Nimeiona ikisaidia kwenye udongo mpya wa vyungu usio na uhai wowote, na sijawahi kuona ikiokoa mmea wenye njaa.

Kazi na vifaa. Ya kuloweka haidai chochote zaidi ya ndoo na mti wa kukorogea. Ya hewa inataka pampu (ya tangi la samaki inatosha ndoo moja), mawe ya hewa mawili au matatu (vijiwe vyenye matundu vinavyotawanya hewa majini), mfuko wa kitambaa chepesi wa kutilia mboji, na uangalizi. Maji hayashiki hewa sawasawa wakati wote. Kwenye nyuzi joto 20 lita moja ya maji hushika takriban miligramu 9 za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 hushika kama 7.5. Watengenezaji wazoefu hawataki ishuke chini ya 6. Kwa maneno mengine, siku ya joto kali nafasi yako ya kukosea ni ndogo sana, na ukitia molasi nyingi (shira ya miwa inayotiwa ili kuwalisha bakteria) bakteria huongezeka haraka mno na kuimaliza hewa yote. Kijiko kimoja kikubwa kwa ndoo ya lita 20 kinatosha, kama ni lazima utie.

Pua ndiyo kipimo. Chai nzuri hunuka udongo baada ya mvua, pengine na utamu kidogo. Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa nimelala, pampu ikanyamaza, na asubuhi nilipofunua ndoo nilikaribishwa na harufu ya yai viza. Povu la jana yake, lililokuwa la hudhurungi na mapovu makubwa, lilikuwa limegeuka utando wa kijivu. Hiyo haikorogwi tena ikapona. Niliirudisha kwenye lundo la mboji na kuanza upya.

Usalama. Kila kitu kinategemea mboji uliyoanza nayo. Lundo lililopata joto la nyuzi 55 hadi 77 kwa siku za kutosha, likageuzwa mpaka ndani na nje pamoja vikapata joto, huwa limeua vimelea wengi wa kinyesi. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 3 za joto hilo kwa mboji inayotengenezwa ndani ya chombo maalumu, au siku 15 kwa tuta la wazi linalogeuzwa angalau mara 5. Lundo lililooza polepole bila kupata moto halina dhamana hiyo. Na molasi hiyohiyo inayowalisha bakteria wema huwalisha pia E. coli na Salmonella kama waliponea ndani ya mboji. Ndiyo sababu mwaka 2004 kikosi kazi cha bodi ya viwango vya kilimo hai ya Marekani kilipendekeza kwamba chai iliyotiwa vilisho vya aina hiyo, bila kupimwa, ihesabiwe kama samadi mbichi. Ikiwa unamwagia saladi, acha molasi.

Harufu na utunzaji. Chai ya hewa itumike ndani ya saa nne hadi sita baada ya kuzima pampu. Haiwekwi akiba. Chupa iliyofungwa ya "chai ya mboji yenye uhai" inapaswa kukutia mashaka kabla hata hujasoma lebo.

Inamfaa nani. Anayemiliki mboji nzuri lakini kidogo, bustani kubwa kuliko lundo lake, na anayependa kushughulika. Mwenye mboji tele nitamshauri tofauti: itandaze mboji yenyewe, sentimita 2 au 3 juu ya udongo, mvua na umwagiliaji vitaitengeneza chai polepole pasipo pampu.

## Chai ya samadi

Hii ndiyo ya mababu. Gunia la samadi, kilo 30 hadi 50, linafungwa kamba na kuning'inizwa kutoka kwenye mti uliolazwa juu ya pipa la lita 200 lililojaa maji. Kila baada ya siku mbili tatu unalishika gunia na kulitikisa juu chini kama mtu anayechovya kifuko cha majani ya chai. Baada ya wiki mbili hadi tatu, maji yameiva.

Chakula. Hapa pana shibe, hasa ya naitrojeni na potasiamu. Samadi yenye mkojo ndani yake huwa na naitrojeni iliyokwisha kuwa amonia, na hiyo huyeyuka na kufika kwenye mizizi upesi. Ya kuku ndiyo kali kuliko zote, ya mbuzi na sungura hufuata, ya ng'ombe ni pole. Ukali huo unamaanisha lazima uizimue kwa maji: ya ng'ombe, sehemu 1 kwa sehemu 2 au 3 za maji, ya kuku, anza na sehemu 5 na uangalie majani kwa wiki moja. Kipimo cha macho ni rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Ncha za majani zikiungua na kuwa kahawia, umezidisha.

Kazi na vifaa. Kazi ni kubeba gunia. Baada ya hapo ni kutikisa tu. Hakuna umeme, hakuna kupima, na ukisahau siku moja hakiharibiki kitu.

Usalama. Hapa ndipo inapolemewa. Kuloweka hakuui vimelea. Maji ya samadi mbichi ni samadi mbichi, hata yakikaa wiki tatu. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinatoa kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukiazima: siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna, kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kama haigusi. Kwa mchicha unaovunwa baada ya mwezi mmoja, hesabu hiyo haiwezekani kabisa. Kwa mahindi au ndizi, inawezekana. Usiipulize kwenye majani yanayoliwa. Mimina chini, kuzunguka shina, bila kuligusa. Ukitumia samadi iliyokwisha kupata moto kwenye lundo, unapunguza hatari hii kwa kiasi kikubwa na naitrojeni kidogo.

Harufu na utunzaji. Inanuka, na majirani watakujulisha. Funika pipa, lakini usilibane, gesi inahitaji pa kutokea. Kifuniko kinazuia pia mbu kutaga na amonia kupotea hewani. Inadumu wiki kadhaa, ikipungua nguvu kadiri siku zinavyokwenda.

Inamfaa nani. Mwenye mifugo na nafasi, anayelima miti ya matunda, migomba, mahindi, au mazao yanayoliwa baada ya kupikwa na ambayo hayagusi ardhi. Mwenye vyungu vitano barazani atajuta.

## Mchuzi wa majani mabichi

Kanuni ni ileile, ila badala ya samadi unaloweka majani laini yasiyo na mbegu. Jaza pipa majani yaliyokatwakatwa, tia maji yafunike, weka jiwe juu yake yasielee, funika. Wiki mbili hadi tatu, ukikoroga kila baada ya siku chache.

Chakula. Kinategemea jani. Bingwa wa nchi za joto ni alizeti mwitu, Tithonia diversifolia, ule mmea wa maua ya manjano unaoota kingoni mwa barabara na mashamba. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, sasa umetapakaa ukanda wote wa tropiki. Majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu, viwango ambavyo samadi nyingi hazivifikii. Kwenye nchi za baridi watu hutumia mmea uitwao komfrei kwa sababu hiyohiyo.

Namna virutubisho vinavyotoka si sawa. Potasiamu ndani ya jani haijajengwa kwenye protini wala nyuzi, inaelea kwenye maji ya seli. Seli zikipasuka, inatoka karibu yote. Naitrojeni iko ndani ya protini, kwa hiyo inasubiri bakteria waivunjevunje. Ukiwa na haraka na kumimina mchuzi baada ya siku nne, umemimina potasiamu zaidi. Kwa nyanya au pilipili zinazoanza kutoa maua hilo si kosa, huenda ndicho ulichokitaka. Kwa mboga za majani, subiri.

Kazi na vifaa. Panga, pipa na jiwe. Kukata majani ndiko kunakochosha. Uchuje vizuri kabla ya kutia kwenye keni ya kumwagilia, nyuzi za majani huziba tundu zote.

Usalama. Afueni yake ni kwamba hakuna kinyesi ndani. Kwa bustani ya mboga mbichi hii ni hatua kubwa mbele ya samadi, ingawa bado ni maji yaliyooza na mboga zioshwe. Kagua ulikokata majani. Kingo za shamba linalopigwa dawa ya magugu si mahali pa kuvuna mbolea.

Harufu na utunzaji. Usidanganywe na neno "majani". Protini inayooza majini inanuka vibaya sana, wengine wanasema kuzidi samadi, na mikono yako itabaki na harufu mpaka kesho. Vaa glavu. Mchuzi uliokolea huzimuliwa: sehemu 1 kwa 5 ni mwanzo mzuri, kwa miche midogo sehemu 10. Makapi yanayobaki usiyatupe, ni matandazo au chakula cha lundo.

Inamfaa nani. Asiye na mifugo, mwenye vichaka karibu, anayelima mboga za kula mbichi. Pia mwenye mboga za matunda zinazokaribia kuchanua.

## Chupa ya dukani: samaki na mwani

Chupa hizi mbili hukaa rafu moja na watu huzichanganya, kumbe ni vitu tofauti kabisa.

Chakula. Mbolea ya samaki ni chakula. Angalia tarakimu tatu kwenye lebo, naitrojeni, fosforasi, potasiamu: iliyopikwa kiwandani mara nyingi huandikwa 5-1-1. Turudi kwenye ndoo yetu ya lita 20. Kipimo cha kawaida ni kijiko kikubwa kimoja, mililita 15, kwa karibu lita 4, yaani mililita 75 kwa ndoo nzima, na hapo ndani mna karibu gramu 4 za naitrojeni. Linganisha na ile gramu 0.75 ya chai ya mboji. Kuna pia aina isiyopikwa, inayosagwa na kuyeyushwa kwa vimeng'enya; hiyo hubakiwa na mafuta na protini zaidi, na kwa kawaida hutiwa asidi ya fosforasi isiharibike, ndiyo maana tarakimu yake ya katikati huwa kubwa kidogo.

Mwani ni habari nyingine. Tarakimu zake husomeka kama 0-0-1: potasiamu kidogo, naitrojeni karibu hakuna. Thamani yake iko kwenye madini ya kiasi kidogo na vichocheo vya ukuaji, zikiwemo sitokinini na oksini. Unaotumika zaidi ni Ascophyllum nodosum wa pwani za Atlantiki ya kaskazini, na Ecklonia maxima wa Afrika Kusini. Wengi huutumia wakati wa kuhamisha miche au mmea unapokabiliwa na joto na ukame. Ukiununua ukidhani ni mbolea ya kukuzia mchicha, utanung'unika bure, kwani hukuuziwa chakula.

Kazi na vifaa. Kijiko na keni. Hakuna njia nyepesi kuliko hii, na ni rahisi kurudia kipimo kilekile kila mara.

Usalama. Hatari ya vimelea wa kinyesi ni ndogo kuliko kwenye samadi. Angalia ukali: iliyokolea ikidondoka moja kwa moja juu ya jani inaliunguza, kwa hiyo kipimo cha lebo si pendekezo. Anayetaka cheti cha kilimo hai ahakikishe chupa imekubaliwa na anayemkagua, kwa kuwa neno "asilia" kwenye lebo halimaanishi hivyo.

Harufu na utunzaji. Imefungwa, inakaa muda mrefu mahali penye kivuli. Ukishaichanganya na maji, imalize siku hiyo. Ya samaki huita paka, mbwa na nzi. Mmea wa ndani ya nyumba utakutia aibu mbele ya wageni kwa siku moja mbili.

Inamfaa nani. Mwenye vyungu, mwenye vitalu vya miche, asiye na muda, na anayehitaji kujua hasa amempa nani kiasi gani.

## Machache yanayozihusu zote

Maji ya bomba yana klorini, ambayo imewekwa humo kuua viumbe walewale unaotaka kuwazalisha. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kutengeneza chai ya mboji. Kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, kuyaacha wazi hakusaidii. Tumia maji ya mvua. Kwa samadi na majani hili halina uzito mkubwa.

La hatari zaidi ni dawa za magugu zinazopita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika. Aminopyralid na clopyralid hunyunyizwa kwenye malisho, huliwa pamoja na nyasi, hutoka na kinyesi, na hubaki na nguvu hata baada ya lundo kuiva. Nchini Uingereza mwaka 2008 mauzo ya dawa zenye aminopyralid yalisitishwa kwa muda baada ya wenye bustani kuona nyanya na viazi vikijikunja kwa sababu ya samadi. Kabla ya kumimina samadi au mboji ya mtu mwingine, panda maharage kwenye vyungu vitatu ulivyochanganya na mbolea hiyo na vingine vitatu bila hiyo. Subiri wiki tatu. Majani mapya yakijikunja kama kikombe na kusokotana kwenye vyungu vyenye mbolea hiyo tu, irudishe ilikotoka.

Wenye umwagiliaji wa matone wachuje mara mbili, ikiwezekana wasipitishe chai yoyote kwenye mipira ile. Utando wa bakteria huziba tundu hata pasipo uchafu unaoonekana. Na kupuliza kwenye majani kufanywe asubuhi mapema au jioni, jua likiwa pole.

## Kulingana na hali yako

Majani ya chini ni manjano na unataka kuona mabadiliko ndani ya wiki moja au mbili: chupa ya samaki, au chai ya samadi kama zao linaruhusu. Chai ya mboji iache kwa siku nyingine.

Udongo mgumu, mmea unalishwa na bado umedumaa: hakuna ndoo itakayomaliza kazi hii. Mboji nzima na matandazo kwanza, kisha chai ya mboji kama nyongeza ukiwa na hamu nayo.

Unalima saladi, karoti na figili za kula mbichi: mchuzi wa majani au chupa. Chai ya mboji bila molasi, ikiwa una hakika lundo lilipata moto. Samadi ikae mbali, au iwekwe msimu mmoja kabla.

Unaishi ghorofani: chupa, na uchague mwani kwa miche unayohamisha, samaki kwa inayokua. Mapipa ya aina yoyote yatakugombanisha na watu.

Una ng'ombe, migomba na maembe: usinunue chochote. Gunia na pipa.

Una boksi la minyoo na maji meusi yanayovuja chini yake: hayo si chai ya mboji ingawa wengi huyaita hivyo. Yametoka kwenye mabaki ambayo bado hayajaiva. Zimua sehemu 1 kwa 10, mwagia mimea ya maua, na chai yako itengeneze kwa mboji ya minyoo iliyoiva.

Umesikia sifa za kila upande na bado hujaamua: panda mistari miwili ya mboga ileile, siku moja, kwenye tuta moja. Mmoja uupe chai uliyochagua, mwingine uupe maji matupu, kiasi kilekile, kwa wiki sita. Piga picha kila Jumamosi ukisimama mahali palepale. Siku ya kuvuna, pima kila mstari kwenye mizani kabla ya kuchanganya kapu.